Leso ya elfu ishirini na yule Trofimo wa Mileto

Binti yangu alifariki Machi 2019, usiku wa kuamkia Jumatano, masika imekolea na barabara ya kwetu matope tupu mpaka pikipiki zinasukumwa. Alikuwa na miaka 12. Nilianza kumuombea apone akiwa na miezi 8, sasa we piga hesabu mwenyewe, asubuhi na jioni, ongeza mikesha, ongeza mifungo ya Kwaresma na ile ya kujitungia, ongeza na yale maombi ya njiani saa nane za usiku mtoto umempakata katikati yako na bodaboda unamwambia Mungu afike tu, afike tu. Hakupona. Na mimi bado naenda kanisani na bado naomba, na wapo watu wananiangalia kama vile nimerukwa na akili au labda sikumpenda mtoto kiasi cha kukasirika. Ndo nikaona niandike. Majibu sina, ila kuna mambo niliyaona nikiwa ndani ya tanuru ambayo ningekuwa nje nisingeyaona.

Sisi watu wa Masasi, kijiji cha upande wa Lulindi, Waanglikana tangu kwa babu zetu. Huyo binti nilikuwa namwita mama maana alibeba jina la mama yangu, na huku kwetu ukishampa mtoto jina la mzazi wako unakuwa na adabu naye kidogo, huwezi kumgombeza hovyo mbele za watu. Na yeye alishajua hilo, akitaka kitu anakuja anasimama mbele yangu mikono kiunoni, "mwanangu, naomba hela ya ming'oko." Nacheka natoa. (Ming'oko ni mizizi ya porini, unachimba unachemsha unatafuna na chumvi, mtu wa kusini akikaa sana Dar hicho ndo anachokililia.)

Ugonjwa ulianza na vidole. Vidole vya mikono na vya miguu vikavimba vyote kwa mpigo, mtoto ukimgusa analia. Mama mkwe akasema jicho hilo, mjomba wangu akasema kuna mtu, mi nikadhani labda mdudu. Tukazunguka karibu mwaka mzima na dawa za malaria, maana huku kila homa ni malaria mpaka ikatae yenyewe, hadi daktari mmoja kijana akamfunua mtoto macho akayaona ya njano akasema hebu huyu tumpime damu vizuri. Majibu yakaja SS. Selimundu, wengi mnaita siko seli. Akachukua karatasi akatuchorea, chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara, laini, zinapita popote, za huyu mtoto wenu akishikwa na homa au baridi au akikosa maji ya kutosha mwilini zinajikunja kama mundu, zinanasana kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo ndo maumivu. Alafu zinakufa mapema kuliko za wengine ndo maana damu inamuishia kila saa.

Akatuuliza na nyie wazazi mmewahi kupima? Tukapima. Mi AS, mke wangu AS. Yaani kila mmoja kabeba nusu yake na haumwi chochote, na hiyo nusu tena ina faida, inamkinga mtu na malaria kali, ndo maana imejaa sana kwenye nchi za mbu kama kwetu. Ila mkikutana wenye nusu wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto achukue zote mbili. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje. Kitu kile kile ambacho inawezekana kabisa ndo kilinifanya mimi nisife na malaria utotoni, wakati wenzangu wawili wa rika moja walikufa, ndo hicho hicho nimempa mwanangu. Hili jambo nimelitafuna miaka na miaka na mpaka leo halijasagika.

Tukapewa masharti. Foliki, vidonge vya kusaidia damu, kila siku bila kukosa, chandarua, maji mengi, asilowe mvua, homa ikipanda usingoje asubuhi. Kuna dawa inaitwa haidroksiyurea tulikuja kuisikia baadaye sana, na kuipata na kuilipia ikawa shughuli nyingine. Tukaishi hivyo. Kuna mwaka anapita vizuri anaenda shule anaruka kamba na wenzake, kuna mwaka tunalazwa mara nne. Na maombi tunaomba. Mwaka 2011 nchi nzima ilipokuwa inakimbilia Loliondo kwenye kikombe cha dawa cha yule Babu na sisi tulitaka kwenda, tukapiga hesabu ya nauli kutoka Masasi mpaka kule Samunge watu watatu, tukakunja karatasi tukalala.

Sasa nije kwenye hema, maana bila hema sitakuwa nimesema kitu.

Ilikuwa 2017, likaja hema mjini, spika kubwa mpaka madirisha yanatetemeka, mtumishi katoka mbali na suti yake, simtaji jina na hata nikitaja haisaidii kitu. Alihubiri ile Matendo 19, kwamba Paulo kule Efeso watu walikuwa wanachukua leso na nguo zilizogusa mwili wake wanawapelekea wagonjwa na wagonjwa wanapona. Na kweli imeandikwa, siyo kwamba alidanganya. Akasema na sisi leo tuna leso. Elfu ishirini. Na kabla ya leso kuna mbegu, yaani sadaka ya hela, mbegu ndo inafungua mlango. Mi hela sina, korosho ndo kwanza zinaweka maua, nikaenda nikauza kwa kangomba, yaani unachukua hela leo kwa korosho ambazo ziko bado juu ya mti, na bei anapanga mwenye hela. Hiyo bei siiandiki hapa maana mke wangu akiikumbuka anasonya mpaka leo.

Nikatoa mbegu nikanunua leso. Nyeupe, ina mshono mwekundu pembeni. Mtumishi akamwekea mama mkono kichwani akasema amepona, watu wakashangilia, na mimi nililia bana, sitaki kujifanya hapa, nililia kama mtoto. Alafu akaniinamia sikioni akasema dawa na imani havikai kwenye kikombe kimoja, ukiendelea na vidonge unamwambia Mungu humuamini.

Nikaacha kumpa foliki. Wiki tatu. Mke wangu hakutaka, nikamwambia usinivunjie imani. Leso ikawa inalala chini ya mto.

Naandika hapa vidole vinagoma. Wiki ya nne usiku akaanza, "baba nikandekande", magoti, kiuno, kifua, hawezi kulala hawezi kukaa, midomo imepauka kama majivu. Sijui kama ni kuacha foliki au angeumwa tu hata hivyo, daktari hakusema na mi sikuuliza kwa sababu naogopa jibu. Tukafika hospitali damu iko chini sana, wanataka watu wa kuchangia. Ndugu zangu wawili hawakukidhi. Aliyetoa ni jirani yangu Muislamu, muuza samaki wakavu, alikuja na baiskeli yake inanuka samaki wodi nzima, akatoa damu, akadai soda yake na biskuti kama ilivyo haki ya mtoaji, akaondoka mbio kuwahi alasiri. Nesi akanisema siku hiyo mbele za watu na nilistahili. Nilipompigia yule mtumishi akaniambia imani yangu imevuja mahali nitafute ilipovujia. Yaani fundi wa bomba.

Hapo ndo imani ilitaka kunitoka kweli, na siyo kwa sababu Mungu hajaponya. Ni kwa sababu nilianza kuamini kwamba Mungu anataka kuponya, mkono kaunyoosha kabisa, ila mimi ndo kizuizi. Mtu ambaye hajawahi kubeba hilo hawezi kuelewa uzito wake. Mtoto anapiga kelele na wewe kichwani unajipekua, nilitilia shaka wapi, dhambi gani sijaungama, ile hela ya mjomba mwaka 98. Kila maumivu yake yakawa hukumu yangu. Nikawa naogopa kuomba maana kila ombi ni mtihani na nafeli, na anayeadhibiwa kwa kufeli kwangu ni yeye.

Tuna padre mzee pale kijijini, kastaafu, mtu wa chuo cha mapadre cha Rondo enzi hizo, anafuga kuku na anasikiliza redio kwa sauti ya juu kwa sababu sikio moja limekufa. Nilimkuta chini ya mwembe wake nikamwambia yote, hema, leso, foliki, wiki tatu. Nilitegemea anikaripie. Akanyamaza weee, mpaka nikadhani ni lile sikio. Alafu akasema, "Baba, huyo mtu wa Efeso, Trofimo, unamjua?" Nikasema simjui. Akaniambia kafungue Timotheo wa pili, sura ya nne, mstari wa ishirini. Nikafungua. *Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi.*

Basi. Mstari umeisha hapo. Hawezi maana yake mgonjwa, ndo lugha ya Biblia ile ya wazee.

Padre akasema huyu Trofimo ni Mwefeso, kwao ni huko huko kwenye leso. Na Mileto siyo mbali na Efeso. Na aliyemuacha ni nani? Paulo mwenyewe, mwenye leso. Kwani leso ziliisha? Imani ya Paulo ilivuja? Au Trofimo alikuwa na dhambi ya siri na Paulo hakuisema, Paulo ambaye watu akiwa na jambo nao anawataja kwa majina kwenye barua? Hakuna. Kamuombea, naamini kamuombea, hakupona, meli inaondoka, kamuacha, na kaandika hivyo hivyo bila kona. Hajasema kapungukiwa imani. Hajasema Mungu ana mpango. Kasema tu, nimemuacha, hawezi.

Sijui kwa nini lile neno lilinifungua mimi kuliko mahubiri yote. Nadhani ni kwa sababu halikunieleza kitu. Kuna watu wameumwa ndani ya Biblia na hawakupona na hakuna aliyelaumiwa, na yule yule aliyeandika habari hiyo alikufa akiwa bado anaamini. Paulo mwenyewe na mwiba wake aliomba mara tatu uondoke, akaambiwa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Huo mstari wa mwiba nilishausikia mara elfu, kwenye kila msiba wanausoma, ila wa Trofimo haujawahi kusomwa na mtu yeyote kwenye hema lolote na nadhani najua sababu.

Nikamuuliza na Yakobo je? Maana imeandikwa kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa yule. Padre akasema hiyo pia imeandikwa na mi naishika, wapo niliowaombea nikawapaka mafuta wakapona mpaka nikaogopa, na wapo niliowapaka mafuta yale yale nikawazika. Ufunguo sina. Anayekwambia anao muulize makaburi ya kwao yako wapi.

Alafu akaanza historia, wazee na historia. Akaniambia hata hapa Masasi unapopaona, kanisa liliingia 1876, Askofu Steere katoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi wakatembea, walikuwa waende mpaka kule ziwa Nyasa, walipofika hapa wale watu wakasema hapa panatutosha. Wakajenga wakalima. Miaka sita tu, 1882, wakaja Magwangwara, yaani Wangoni, wakachoma, wakaua, wakachukua mateka. Akanigeukia akaniuliza, unadhani watu waliotoka kwenye minyororo walikuwa hawaombi ulinzi? Unadhani imani yao ilikuwa ndogo kuliko ya huyo wa suti? Na ndo hao kanisa lako limetoka mikononi mwao. Mimi nimepita pale Mtandi, hapa hapa Masasi, kwenye mawe yale maisha yangu yote na sijawahi kuwafikiria kama watu waliobaki na ombi lisilojibiwa.

Kuanzia siku hiyo foliki ilirudi na kuomba kukarudi, vyote kwenye kikombe kimoja na kikombe hakikupasuka.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo, siyo mibaya. Mama akamaliza la tano, akaingia la sita, akawa ananikosoa kwenye hesabu za korosho. Msimu wa 2018, ule wa 3,300 kwa kilo, yeye ndo aliyeniandikia kila kitu kwenye daftari, hela yenyewe ilikuwa bado haijaingia anaumwa Februari. Homa, kifua, anavuta pumzi kwa shida. Nadhani hiyo sehemu nitaipita haraka. Wiki tatu hospitali, tukatoka, tukarudi. Padre alikuja na mafuta. Kinamama wa umoja wa kanisani walifunga siku tatu, kundi zima. Usiku wa mwisho aliniita "mwanangu", akasema maji. Nikampa.

Wapo waliosema Mungu kampenda zaidi. Wapo waliosema kachukua ua lake bustanini. Walisema kwa nia njema na mi nimesema hayo hayo kwenye misiba ya wenzangu, Mungu anisamehe, sitasema tena. Mke wangu alimjibu mmoja palepale kwenye mkeka, "kama anapenda maua angeotesha ya kwake." Kimya. Mzee mmoja wa kanisa akataka kumkemea, padre akamshika mkono akamkalisha.

Waliotufaa zaidi ni majirani, na wengi wao Waislamu, maana huku ndo tulivyo, tunazikana. Wale kinamama walikuja alfajiri na uji, wakafagia, wakateka maji, wakakaa kwenye mkeka na mke wangu siku saba hawajaongea cha maana. Wakisema sana ni "pole mama" na "subira". Yule muuza samaki akaja akasimama mlangoni, akalia, akaniambia damu yangu ilikuwa mle. Nikakosa la kusema. Damu yake ilikuwa mle kweli.

Mke wangu aliacha kuomba. Mwaka mzima na zaidi. Jumapili anakuja na mimi lakini anakaa nje chini ya mti, anasema mi nimechoka kumbembeleza, ila sitaki ukae peke yako kwenye benchi ukilia. Watu wakaniambia nimlazimishe. Mi nikakumbuka Zaburi ya 88, ile ambayo inalalamika kuanzia juu mpaka chini na inaishia gizani, haigeuki mwishoni kusema lakini nitamsifu. Imewekwa humo humo kati ya zaburi nyingine na watu wameiimba kanisani. Kama Mungu kaweza kuiweka hiyo kwenye kitabu chake basi mke wangu anaweza kukaa chini ya mti. Alirudi ndani siku moja kwa sababu mvua ilinyesha, hiyo ndo sababu anayoitoa mpaka leo, na hakuna aliyempigia makofi. Na ile leso anashikia sufuria. Ina mafuta na masizi na ule mshono mwekundu bado upo, kumbe ilikuwa na ubora.

Kilichonitesa mimi ni mdogo wake mama. Alikuwa na miaka minne, kila usiku tukimaliza sala anaongeza, "na Mungu umponye dada." Baada ya kuzika. Wiki ya kwanza nilidhani hajaelewa nikamweleza dada kaenda kwa Mungu, akasema sawa, kesho yake tena, umponye dada. Miezi. Mke wangu anatoka nje. Mi nabaki nasema amina, kwa sababu ningesema nini. Na nikagundua kitu, kwamba katika nyumba ile mtu pekee aliyekuwa bado anaomba ni huyo. Mi nilikuwa nasema maneno tu.

Kwa mambo ya kawaida, kama mtu yuko kwenye hali hii, mi nina mawili matatu tu. Dawa usiache, atakayekuambia uache mwambie alale yeye wodini. Vijana pimeni kabla ya ndoa, kipimo ni damu kidogo tu, mi nimekuwa kero kwenye ukoo, mpwa wangu alipoleta mchumba nilianza na hilo kabla hata ya kuuliza kwao wapi, sasa wananiita anko selimundu na najibu. Na ukienda kwa aliyefiwa au mwenye mgonjwa beba uji, maelezo acha nyumbani kwako.

Mwaka 2023 nikasikia redioni kwamba Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, wameanza kupandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu, ndugu anatoa, mtoto anapata damu mpya. Nilizima redio. Nikaenda shambani nikapalilia mpaka jua limezama mahali ambapo palikuwa pameshapaliliwa. Miaka minne. Naomba miaka 12 na jibu linakuja minne baadaye kwa watoto wa watu wengine. Siku ile nilimwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki. Baadaye jioni nikamwambia na asante, kwa ajili ya hao watoto, na vyote viwili nilimaanisha, na sikuona kimoja kinamfukuza mwenzake.

Ila kuomba mtu apone sikuomba tena. Nilijitengenezea njia. Mtu akisema nimuombee mgonjwa wake nasema Bwana mapenzi yako yatimizwe, amina. Inasikika vizuri, ina unyenyekevu, na haiwezi kufeli. Nilikaa nayo hivyo miaka na watu wakanisifu nimekomaa.

Mwaka jana padre akaanza mguu. Kisukari anacho siku nyingi, kidonda kikatokea chini ya kidole, kikapanda, sasa wanasema wanaangalia, kikishindikana wanakata. Nikawa namfuata kila Alhamisi, nambebea maji, nalisha kuku, namsomea maana na macho yamefifia. Alhamisi moja akaniambia niombee. Nikafumba macho nikaanza, Bwana, mtumishi wako huyu yuko mikononi mwako, umempa siku nyingi njema, mapenzi yako

"Baba," akanikatiza. "Mbona unaniaga?"

Nikafumbua macho.

"Omba mguu. Kufa vizuri nitajiombea mwenyewe, najua maneno yake. Yesu pale Getsemane alianza na kikombe hiki kiniepuke, tena akarudia mara tatu, huko kwenye mapenzi yako alifika akiwa ameshaomba. We unaanzia mwisho. Unaogopa kuaibika tena."

Nikamwambia ndiyo naogopa.

"Na mimi," akasema. "Omba mguu."

Nikaomba mguu. Kwa sauti, kwa sababu ya lile sikio. Nikautaja, wa kushoto, nikataja kidonda, nikataja sukari ishuke, nyama iote, damu ipite kwenye ile mishipa midogo, nikafika kwenye vidole, na hapo sauti ikanikatika kwa sababu kwenye vidole ndo kulikoanzia kwa mama. Nikakaa hapo muda. Alafu nikamalizia, kimoja kimoja, vyote vitano. Padre akaitikia amina mpaka kuku wakatawanyika, akajifuta uso, akaniuliza ming'oko nimeleta au nimekuja mikono mitupu.

Kidonda bado kipo. Juzi nesi kasema kimepungua upande mmoja, mi nilipoangalia niliona kama kimepungua kweli, au labda ni mwanga tu. Alhamisi naenda tena.